Inua Shati

Gatuanyaga
Ijumaa, 31 Januari 2025

Kwa Baba Wangeci,

Nimeanza barua hii mara tatu na "natumai u mzima" na mara tatu nimechana karatasi. Wewe si mzima, najua, na niko na mkono wangu katika hilo. Basi nikusalimu tu hivi: asante Mungu bado upo.

Usishtuke kuona mwandiko wa mama mkwe. Miaka sita tangu umchukue Mbula hatujawahi kuongea kwa simu, mimi nawe. Nikitaka kujua hali yako namuuliza Mbula, nawe ukitaka kunisalimu unamtuma Mbula, na ndivyo watu wenye adabu wanaishi. Lakini Mbula hashiki simu yangu tangu ile Jumatatu ya hospitali. Trei ya mayai niliyomtumia ilirudi vile vile, hata moja halikutolewa. Na mimi siwezi kukaa huku bila kujua kama umekula. Nikafikiri, karatasi haina macho. Calvince wa bodaboda hupeleka mayai yangu Mugutha kila Jumanne na Ijumaa, atakuletea hii Mbula akiwa kwa cherehani kule Kamenu. Ameapa hatasoma. Huyo hasomi hata kibao cha barabarani, usiogope.

Nataka kujua kidonda kinaendeleaje, na ni nini hasa kilipasuka huko ndani. Mimi nilisikia neno moja tu kwenye korido, bandama. Bandama naijua ya mbuzi. Ukichuna mbuzi na kisu kikaigusa kidogo tu, inamwaga damu hata kama mbuzi alishakufa. Sikujua mtu anaweza kutembea hiyo kitu ikiwa imepasuka, akakaa kwangu saa nzima, akaaga, akapanda gari.

Mbula aliniuliza mbele ya wagonjwa na walinzi, "Mama, alikwambia ameanguka na pikipiki, na wewe mkandaji mzima ukamkanda bega ukamwachilia?" Nilisema, nisamehe. Akaniambia hii mikono yangu isiguse mtu tena. 

Nimeacha kukanda. Jirani yangu Maluki alikuja juzi ameshika kiuno, nikamwambia nimefunga. Akacheka akidhani ni mzaha, akaketi kwenye kigoda akangoja mpaka jua likamfukuza.

Kula. Uji hata kama hutaki.

Nzilani, mama yake Mbula


Mugutha
Jumanne, 4 Februari 2025

Mama,

Barua nimeipata na nimeisoma nikiwa nimekaa wima, kwa heshima, ingawa kukaa wima ndiyo kazi ngumu kuliko zote siku hizi. Pokea salamu za mtu aliyeegemea mito mitatu.

Kidonda kinapona. Nimepasuliwa kutoka hapa mpaka pale. Nimejaribu kuandika majina ya hizo sehemu nikashindwa, utanielewa. Nyuzi zilikuwa ishirini na mbili, Wangeci alizihesabu kabla hazijatolewa jana. Kukohoa ni noma. Nakumbatia mto wa Wangeci kwenye tumbo ndipo nikohoe, na kucheka vile vile, na chafya sitaki hata kuitaja. Kule wodini daktari mmoja, dada mdogo anaitwa Lynn, alikuwa anakuja kila asubuhi kuniuliza kama tumbo limeanza kazi yake, na namna alivyouliza siwezi kuiandika kwa mama mkwe. Mpaka jibu liwe ndio, hakuna chakula. Siku ya nne jibu likawa ndio, wodi nzima ikapiga makofi, nikaletewa uji.

Sasa natembea kutoka kitandani hadi mlangoni, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Kazini wamenishikia nafasi yangu dukani, lakini saruji sitabeba. Wiki nane nisinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Wangeci ananinyooshea mikono abebwe, namwambia baba amevunjika ndani. Anauliza nani alinivunja. Hapo namtuma akaniletee mto.

Uliuliza kuhusu bandama. Lynn alinichorea. Iko chini ya mbavu za kushoto, kubwa kama ngumi, imejaa damu. Ukigongwa hapo inaweza kupasuka polepole, leo ufa tu, kesho ndio imwage. Ndiyo maana Jumamosi nilikuja kwako nikitembea, na Jumapili nikaanguka kanisani tukiwa tumesimama kuimba. Wameitoa yote. Na kuhusu bega, sikia maajabu: damu ikijaa huko inachoma ule msuli wa kupumulia, na mshipa wake unatoka shingoni mahali pamoja na ule wa bega. Kwa hivyo kichwa kinadanganywa. Tumbo ndilo limeumia na bega ndilo linalia.

Basi usijilaumu, Mama. Ni wengi wangekanda bega. Mambo ya korido tuyaache, Mbula alikuwa na uchungu tu.

Ni mimi,
Gichuru


Gatuanyaga
Ijumaa, 7 Februari 2025

Kwa Baba Wangeci,

Ati tuyaache. Kai! Rahisi kwa mtu analetewa supu kitandani.

Nimesoma barua yako mara nne, na hiyo habari ya bega nimewasimulia hata kuku. Lakini kuna kitu kinaninyima amani na lazima nikuulize, maana sina mwingine wa kuuliza.

Ile Jumamosi nilikuwa napepeta ndengu. Uliingia umejaa vumbi, mkono wa kulia umeshika ubavu wa kushoto, jasho juu ya mdomo. Ukasema bega la kushoto linakusumbua. Nikakuuliza, "Umelala vibaya?" Ukasema, "Ndio, Mama." Hayo ndiyo ninayakumbuka. Nikakukalisha kwenye kigoda, nikasimama nyuma yako ili nisikutazame, nikakukanda juu ya shati, bila mafuta, kama mtu anayekanda gunia.

Baba Wangeci, mimi nimekanda watu tangu nimzae Mbula. Wote, wanaume kwa wanawake, wakikaa kwenye hicho kigoda nawaambia neno moja hata kabla ya habari: inua shati. Sijawahi kukanda kitu sijakiona. Mzee Muthoka, shemasi mzima, ameinua shati hapa. Wewe sikukuambia. Utamwambiaje muthoni avue? Nyinyi Wakikuyu mkwe mnamwita muthoni, na sisi Wakamba tunamwita muthoni, na ndani ya hilo neno kuna thoni, aibu. Wazee waliishonea humo humo tusije tukasahau. Heshima si utumwa, hata shule ya Jumapili nilifundisha hivyo miaka kumi. Siku hiyo ilikuwa utumwa.

Lakini si hilo ninalouliza. Mbula anasema ulimwambia kwamba uliniambia umeanguka na pikipiki. Mimi sikumbuki pikipiki. Nimelitafuta hilo neno kichwani wiki tatu, nikichota maji, nikiomba, nikiokota mayai. Sikio langu la kushoto si zuri tangu zile dawa za malaria. Labda ulisema na sikusikia. Kama ulisema, basi nimezeeka, nimekuwa hatari kwa watu, na Mbula ana haki mikono hii ikae. Niambie ukweli, nitaubeba.

Ulisema?

Nzilani


Mugutha
Jumanne, 11 Februari 2025

Mama,

Hapana. Sikusema.

Nimeandika hilo kwanza kwa sababu nikianza na salamu nitatafuta pa kutorokea. Sikio lako halina makosa. Uliuliza kama nimelala vibaya, nikaona umenifungulia mlango, nikapita.

Ilikuwa hivi. Pale stendi nilimwomba Calvince aniachie pikipiki niendeshe mwenyewe, yeye anifuate na mwenzake. Nilitaka uone mkwe akiingia kwa boma akiendesha, si akiwa amebebwa nyuma kama mzigo. Kufika ile kona ya bwawa mbuzi wakavuka. Nikaenda chini, na ncha ya usukani ikaniingia hapa chini ya mbavu. Nilikaa kwenye vumbi nikitafuta pumzi, mbuzi wakiniangalia. Calvince alinikuta hapo hapo, nikamwapisha asikwambie. Ningekuelezaje kwamba nimeangushwa na mbuzi, na pengine ni wako?

Nilirudi nyumbani jioni hiyo. Mbula naye sikumwambia.

Halafu Jumatatu, baada ya kupasuliwa, nilikuwa na mpira puani hadi tumboni, siwezi kuongea. Habari ya pikipiki Calvince alikuwa ameshamweleza kwa simu. Mbula aliinama juu yangu, amelia mpaka sura imebadilika, akaniuliza, "Hata Mama hukumwambia umeanguka? Ulimwambia?" Nikaona mambo mawili. Nikikataa, kosa ni langu lote. Nikikubali, tunagawana na wewe. Nikaitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara moja tu, juu, chini. Akatoka akaenda kwenye korido. Mlango ulikuwa wazi, Mama. Nilisikia kelele zote, na nilikusikia ukisema nisamehe. Ungesema tu "hakuniambia," na hukusema.

Kila siku najiambia ni leo. Anarudi kazini, ananipangusa mgongo kwa kitambaa cha moto, ananiuliza wapi panauma, nami namwonyesha ubavu tu. Nipe hadi mwisho wa mwezi.

Kuna kitu kingine nimemficha. Lynn alisema bandama ni kama askari wa damu. Mtu asiye nayo akishikwa na homa, hata ndogo, asingoje asubuhi, aende hospitali saa hiyo hiyo, maana maambukizi yanaweza kummaliza kwa siku moja. Nimechanjwa, na nimepewa kadi ya kutembea nayo maisha yangu yote. Mbula alikuwa ameenda kuchukua dawa nilipoelezwa hayo. Kadi nimeificha ndani ya Biblia, sikutaka aishi na hofu. Unajua wewe tu.

Nisamehe. Na hilo neno pia nimelichukua kwako.

Gichuru


Gatuanyaga
Ijumaa, 14 Februari 2025

Kwa Baba Wangeci,

Nilisoma "hapana, sikusema" nikapiga magoti pale pale bandani kwa kuku nikashukuru, kwa sababu sikio langu ni zima. Nilipofika kwa hicho kichwa chako cha juu, chini, nilikasirika nikatupa kikombe. Kilikuwa kile chako, cha maua ya bluu. Sasa huna kikombe hapa.

Nikwambie kwa nini sikusema "hakuniambia," na hutanipenda zaidi ukishajua. Sababu ya kwanza, singeweza kumfanya mume wa mtoto wangu mwongo akiwa na mpira puani. Hiyo ni sababu nzuri, hata kanisani naweza kuisimamia. Ya pili ndiyo ya kweli. Nilinyamaza kwa sababu niliona.

Shati lako lilikuwa jeupe. Chini ya mfuko, upande wa kushoto, kulikuwa na alama ya duara, nyeusi, ya grisi, kama kifuniko cha soda. Nilijua hiyo si alama ya kulala vibaya. Tena ulikataa ndengu, na wewe hujawahi kukataa ndengu zangu. Tena ukiondoka ulishuka ngazi upande upande kama mama mjamzito. Niliyaona yote. Nilitaka kusema inua shati na aibu ikaniziba mdomo. Na huo uongo ni mimi niliyekutilia mkononi. "Umelala vibaya?" Mkandaji haulizi hivyo. Mkandaji anauliza, "Ni wapi?" Nilikuuliza swali lililokuwa rahisi kwangu mimi.

Kwa hivyo Mbula ana haki ya kunikasirikia, hata kama sababu aliyo nayo ni ya uongo.

Sitakwambia umwambie wala sitakwambia unyamaze. Ukisema, pengine unampoteza mke, na Wangeci yuko hapo katikati. Ukinyamaza, mimi nimempoteza mtoto. Niko na huyo mmoja tu, Baba Wangeci. Nilimzaa baada ya kuzika wawili. Karibu mwezi sasa sijasikia sauti yake, na hata Maluki akipita na kiuno chake namfungia mlango kwa sababu yeye alisema nisiguse mtu. Ujue hicho ndicho unachokishikilia.

Lakini ile kadi nakuamuru kama mama: mwonyeshe leo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niko Gatuanyaga, na homa haitanisubiri.

Nzilani


Mugutha
Alhamisi, 20 Februari 2025

Mama,

Leo ni kwa ufupi, kalamu inateleza. Jana nilikuwa tayari kumwambia, lakini Mbula alirudi akiimba, mara ya kwanza tangu Januari, nikashindwa kumharibia. Nitamwambia Jumapili tukitoka kanisani. Na kadi pia nitamwonyesha hapo hapo, yote pamoja, mara moja.

Hii baridi ya Mugutha si mchezo. Nimevaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Chakula kimekataa. Mbula nimemwambia ni uchovu tu, ameenda kazini. Ubavu unavuta kidogo, na bega la kushoto limerudi tena tangu jana. Nafikiri nimelala vibaya.

Calvince atapita kesho alfajiri, nitampa hii.

Gichuru


Mugutha, mezani kwako
Ijumaa, 21 Februari 2025, saa saba mchana

Mbula,

Nimekupigia mara saba, hushiki. Barua ya mume wako imenifikia saa nne. Baridi gani ya Februari, na huku kwetu kuku wanahema kivulini? Nimekuja na pikipiki ya Calvince, macho nimefumba njia nzima. Nimeingia nyumbani kwako bila kuitwa, na chumbani kwako, na nimemwambia mume wako ainue shati. Pamevimba chini ya mbavu, na anachoma kama jiko. Sikumkanda. Sikumgusa isipokuwa kwenye paji la uso.

Tunaenda Thika, hospitali ile ile. Jirani yako Gathoni anatupeleka na gari lake. Wangeci yuko kwa dada yake Gathoni, amekula. Mume wako ana kadi ambayo hukuonyeshwa, ilikuwa kwenye Biblia, nimeibeba. Utakasirika. Kasirika ukiwa njiani unakuja. Mletee nguo.

Mama


Wodini, Thika
Alhamisi, 27 Februari 2025

Mama,

Homa imeshuka tangu juzi. Kulikuwa na usaha umejikusanya mahali bandama ilikuwa, wameutoa kwa mpira mwembamba, na dawa bado zinaingia kwa mshipa. Lynn alinigombeza mpaka wagonjwa wengine wakanihurumia. Alisema ungengoja hadi jioni, angekuwa anaongea na Mbula kuhusu mambo mengine.

Nataka kuandika lile la chumbani, halafu tusilitaje tena mbele ya watu. Ulisimama mlangoni nikavuta blanketi hadi kidevuni. Homa ni thelathini na tisa na nusu na bado naona aibu! Ukauliza, "Ni wapi?" Nikasema bega. Ukasema, "Inua shati." Sikuinua. Ukasema, "Gichuru, inua shati." Miaka sita hujawahi kuniita jina langu. Nikainua.

Sasa ujue mengine, yaliyotokea ulipokuwa umerudi kumwangalia Wangeci. Mbula alipoenda kunichukulia nguo alizikuta barua zako chini ya godoro. Alizisoma huko huko, na najua zilimfikia kwa sababu alikuja hospitali na viatu viwili tofauti. Akaziweka kwenye magoti yangu, akauliza, "Ulimwambia Mama?" Nikasema hapana. Kwa mdomo, Mama, si kwa kichwa. Nikamweleza na mbuzi, na Calvince, na kadi, na kule kuitikia kwa kichwa.

Hakulia wala hakunitukana, na ningependelea matusi. Aliniuliza swali moja tu. "Ile Jumamosi ulilala kando yangu mpaka asubuhi. Mimi pia ni muthoni?" 

Tangu hapo ananiletea supu, ananipa dawa, anaongea na mimi kama muuguzi. Nimestahili. Najua hajakupigia. Usidhani ni hasira bado. Nafikiri sasa ni yeye anayeona aibu. Anakaa hapa na daftari la Wangeci, anaandika mstari mmoja, anachana, anatia mfukoni.

Nimekuomba msamaha kwa kalamu tu. Nikitoka hapa nitakuja niuombe nikiwa nimesimama mbele yako, na hutaulizia habari yangu kwa mtu mwingine.

Gichuru


Mugutha
Jumapili, 9 Machi 2025

Mama,

Nimechana karatasi nyingi kuliko wewe. Simu iko hapa mezani, namba yako iko juu kabisa, na kidole kinakataa. Basi nafanya kama nyinyi wawili.

Baba Wangeci alirudi Alhamisi. Ameambiwa zile wiki nane zinaanza upya. Kadi nimeibandika ukutani kando ya kalenda, na kipimajoto nimekifunga kwa uzi hapo hapo. Mtu akikohoa kwa hii nyumba anapimwa, hata Gathoni akija kuomba chumvi. Sijamsamehe. Namlisha na sijamsamehe, mtu anaweza kufanya yote mawili. Jana alinichekesha, nikacheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka, na yeye ameshika mto wake tumboni anauliza kama ni ruhusa na yeye acheke.

Lakini siandiki kwa sababu yake. Nilikupigia kelele mbele ya watu, wewe uliyenizaa. Nilisema mikono yako isiguse mtu, na wewe hukumsikia akisema, na bado ukaniambia nisamehe. Kwa nini hukunizaba kofi, Mama? Ningelia hapo hapo na yangeisha.

Na zile simu saba. Bado ziko kwenye simu yangu, nyekundu. Hazikuita bila mimi kujua. Nilikuwa kwa cherehani, simu iko hapo kando ya mkasi, naona "Mama" inaandikika, na kila mara nilisema, wacha aite. Nilihesabu na nikafurahi. Nilifurahi, Mama, ukiniita huku mume wangu anakufa. Yeye alificha na wewe ulificha, lakini nyinyi angalau mlikuwa mnaona haya. Mimi nilikuwa nafurahi. Hilo sijamwambia mtu, na sitalificha kwenye Biblia.

Calvince anasema Maluki bado anatembea amepinda akingoja ufungue. Mfungulie. Mwambie ni mimi nimesema. Na Wangeci anauliza kwa nini wewe susu yake hutumi mayai siku hizi.

Njoo Jumamosi. Nimekununulia kikombe, cha Baba Wangeci mtajuana wenyewe. Kuna mahali pananiuma tangu Januari na siwezi kukuandikia ni wapi, karatasi haina mikono. Ukifika usiniulize kama nimelala vibaya. Niulize ni wapi. Nitainua shati kabla hujaniambia.

Mtoto wako,
Mbula